Kutunga Muziki wa Magemu Ukiwa Kigoma: Pa Kuanzia na Namna ya Kuifikia Kazi

Kigoma haijapungukiwa na watu wa muziki. Mwanga kuna wapiga kinanda wa kwaya wanaosoma solfa bila kusita. Ujiji kuna vijana wanaopanga biti usiku kucha kwenye laptopu za kuazima. Wengi wao wanacheza magemu kwenye simu kila siku, na hawajawahi kuambiwa kwamba ule muziki unaopiga chinichini una mtu aliyeutunga, akalipwa, na jina lake likaandikwa mwishoni. Mwongozo huu nimewaandikia hao.

Na kama unadhani hii ni kazi ya Wajapani na Wamarekani peke yao, jua kwamba muziki wa kwanza wa gemu kushinda tuzo ya Grammy umeimbwa kwa Kiswahili. Ni "Baba Yetu", yaani Sala ya Bwana, iliyotungiwa muziki na Mmarekani Christopher Tin kwa ajili ya gemu ya Civilization IV iliyotoka mwaka 2005. Grammy ikaja 2011. Maneno ambayo bibi zetu huyasali kila usiku yalifika huko kwa mkono wa mtu wa mbali, na aliyatendea haki. Mimi natamani zinazofuata zitungwe na watu waliokua na lugha hii, wala sioni kwa nini mtu wa Kigoma asubiri mpaka ahamie Dar es Salaam. Kazi yenyewe husafiri kama faili.

Hatua ya 1: Ielewe kazi kabla ya kununua chochote

Anayetunga wimbo wa redio anajua utaanzia wapi na utaishia wapi. Ubeti, kiitikio, ubeti, dakika tatu na nusu, basi. Kwenye gemu, mwenye saa ni mchezaji. Anaweza kupita chumba kwa sekunde tano, au akasimama mlangoni nusu saa kwa sababu ameitwa kula. Muziki wako unatakiwa ufae hali zote mbili. Karibu kila jambo nitakalolieleza huko chini linatokana na hilo moja.

Waliotangulia waliliona mapema. Space Invaders ya mwaka 1978 ina nota nne tu za besi, zinashuka na kujirudia, lakini kadiri maadui wanavyokaribia zinakwenda mbio, na mapigo ya moyo ya mchezaji yanazifuata. Koji Kondo alipotunga muziki wa Super Mario Bros. mwaka 1985, mashine ya Nintendo ilimpa njia tano tu za sauti. Muda wa mchezaji ukishuka chini ya 100, muziki uleule unaongeza kasi, na mchezaji anajua amechelewa hata kabla hajatazama saa. Mwaka 1991, Michael Land na Peter McConnell wa LucasArts walitumia mfumo wao walioubuni, iMUSE, kwenye Monkey Island 2. Mhusika akitoka nyumba moja kuingia nyingine, muziki ulibadilika bila kukatika, kana kwamba bendi ilikuwa inamwangalia anakokwenda.

Kwa hiyo zoezi lako la kwanza halihitaji hata shilingi. Chukua gemu yoyote iliyo kwenye simu yako. Icheze dakika kumi ukiwa umezima sauti, kisha dakika kumi ukiwa umefungua. Halafu acha kucheza, simama tu mahali pamoja, usikilize. Muziki unarudia baada ya muda gani? Unasikia pale unapoungana? Adui akitokea, unabadilika mara moja au unangoja kidogo? Ukifa? Ukifungua ukurasa wa mipangilio? Andika kwenye daftari. Fanya hivyo kwa magemu sita au saba ya aina tofauti. Mtu aliyefanya zoezi hili kwa bidii anakuwa amejifunza mengi kuliko aliyetazama video za mafunzo mwezi mzima.

Hatua ya 2: Vifaa

Simu inatosha kuanza kujaribu, na BandLab ni programu ya bure inayofanya kazi kwenye simu za kawaida. Ila kazi ya magemu itakudai kompyuta, kwa sababu utakuwa unakata mafaili kwa usahihi wa hali ya juu na kuyajaribu ndani ya gemu. Laptopu iliyotumika yenye RAM ya GB 8 inafaa. Usimsikilize anayekuambia bila mashine mpya huwezi.

Kwa programu ya kutengenezea muziki, LMMS ni ya bure kabisa. Reaper unaijaribu siku 60 bila malipo, kisha leseni ya mtu binafsi ni dola 60, na faili lake la kupakua ni dogo, kwa hiyo halikumalizii bando. FL Studio ndiyo inayotawala studio zetu nyingi. Kama unaijua tayari, baki nayo. Kinachotakiwa ni uijue programu moja mpaka mikono iende yenyewe.

Ninaomba hapa unielewe: acha programu za wizi. Mbali na virusi, siku ukifanya kazi na kampuni ya nje inaweza kukutaka utie saini kwamba zana zako ni halali. Hutaki kuanza kazi ya ndoto yako kwa uongo.

Kibodi ya MIDI, yaani ya kuingizia nota kwenye kompyuta, si lazima ununue. Vinanda vingi vya kwaya vina tundu la USB upande wa nyuma, mara nyingi limeandikwa TO HOST, na waya wake ni uleule wa printa. Ongea vizuri na mwalimu wa kwaya, utumie kinanda siku ambazo hakuna mazoezi. Hedifoni ziwe za waya na zifunike sikio lote. Zile za Bluetooth huchelewesha sauti, na ukipiga kinanda ukiwa umezivaa utadhani mikono yako imelegea.

Umeme ukikatika kazi isipotee. Iambie programu ihifadhi yenyewe kila baada ya dakika chache, weka nakala kwenye fleshi, na kila wiki pandisha nakala nyingine mtandaoni.

Hatua ya 3: Jifunze kutengeneza lupu isiyo na mshono

Lupu ndiyo tofali la kazi hii. Ni kipande cha muziki kinachoishia pale kinapoanzia, kiasi kwamba msikilizaji hatambui kimeanza upya. Inaonekana rahisi, na ndipo wengi wanapojulikana kwamba ni wageni.

Anza na hesabu. Ukiweka kasi ya mapigo 120 kwa dakika na mapigo manne kwa kila kipimo, kipimo kimoja kinachukua sekunde 2. Vipimo 32 ni sekunde 64 kamili. Faili lako likatwe hapohapo, kwenye sekunde ya 64, bila nafasi tupu mwanzoni wala mwishoni.

Tatizo linakuja kwenye mwangwi. Nota ya mwisho ya gitaa au ngoma haikatiki ghafla, ina mkia unaoendelea kulia baada ya kipimo cha 32 kwisha. Ukikata faili pale, mkia umeukata, na kila lupu ikirudi mwanzo utasikia kama pumzi iliyobanwa. Dawa yake: nakili muziki wako uupange mara mbili mfululizo kwenye programu, kisha toa faili la mzunguko wa pili peke yake, kuanzia sekunde ya 64 hadi ya 128. Mkia wa mzunguko wa kwanza utakuwa umeingia mwanzoni mwa faili hilo, na mwisho wake ukirudi mwanzo unapokewa vizuri. Jaribu leo na kipande chochote ulichonacho. Ukisikia tofauti yake mara moja hutarudi kukata kizamani.

Usitoe lupu kwa MP3. Muundo huo huongeza kimya kifupi mwanzoni na mwishoni mwa faili, na kimya hicho ndicho kinachosikika kama kwikwi. Hifadhi kazi yako kwa WAV, na kwa gemu yenyewe watengenezaji wengi hutumia OGG. Dakika moja ya WAV ya kawaida ni kama MB 10. OGG inaweza kushuka hadi kama MB 1. Kwa gemu ya simu itakayopakuliwa kwa bando la mtu, tofauti hiyo ni kubwa.

Halafu kuna utunzi wenyewe. Hatua ya gemu inayomchukua mchezaji dakika 20, ikiwa na lupu ya dakika moja, itamsikilizisha muziki wako mara 20 bila kupumzika. Melodi kali inayofaa kiitikio cha Bongo Fleva inaweza kugeuka kero ikirudia namna hiyo. Acha nafasi. Mpe ngoma ishike vipimo vinne peke yake, filimbi iingie, inyamaze, irudi na jibu tofauti. Na usimalizie lupu kwa kutua kwenye *do* kwa uzito kama amina ya mwisho wa ibada. Iache kwenye *so*, sikio lenyewe litaomba kurudi mwanzo.

Ukimaliza, washa lupu hiyo ijirudie nusu saa huku ukifanya shughuli nyingine, unapika au unafua. Mahali ambapo utajikuta unataka kuizima, hapo pana kazi ya kurekebisha.

Hatua ya 4: Tunga kwa matabaka

Lupu moja haijui mchezaji anafanya nini. Matabaka ndiyo yanayoufanya muziki umfuate.

Tuchukue mfano wa gemu ambayo ningependa siku moja mtu aitengeneze: mvuvi wa dagaa anatoka Kibirizi usiku, taa zikiwa zimepangwa kwenye mitumbwi, giza la mwezi. Mchezaji anatafuta dagaa, anakusanya, na lazima arudi kabla upepo haujachafua ziwa. Ungetunga hivi. Faili la kwanza ni tulivu: sauti ndefu za chini, nota chache za zeze, maji. Hili linapiga muda wote. Faili la pili lina kayamba na besi, na linapanda pale dagaa wanapoanza kukusanyika chini ya taa. Faili la tatu lina ngoma, na linaingia upepo wa kusi ukianza. Yote matatu yana kasi moja, urefu uleule hadi sehemu ndogo kabisa ya sekunde, na yanaanza pamoja. Injini ya gemu, yaani programu inayoiendesha, inayapiga yote kwa wakati mmoja, ila inapandisha na kushusha sauti ya kila moja kulingana na kinachotokea. Mvuvi akipata mafungu mengi, kunakuwa na sauti fupi ya sekunde mbili ya furaha, katika ufunguo uleule wa muziki, ili isigombane nao.

Kila tabaka lisikilizwe peke yake, kisha mawili mawili, kisha yote. Kama la tatu linapendeza tu likiwa na la pili, mwambie programa, yaani anayeandika msimbo wa gemu, mapema, kwa sababu asipoambiwa ataliacha lipige peke yake.

Njia nyingine ni kuwa na vipande vinavyofuatana: utulivu, kisha kipande cha vipimo viwili cha kuvukia, kisha hatari. Hapo unaamua muziki usubiri nini kabla ya kuvuka, mwisho wa pigo, wa kipimo, au wa sentensi nzima ya melodi. Ukivuka haraka sana unakatika. Ukisubiri sana, adui atakuwa ameshauawa wakati ngoma za vita ndiyo zinaanza.

Ili uyaone haya yakifanya kazi, pakua Godot. Ni injini ya gemu ya bure, na tangu toleo la 4.3 la mwaka 2024 ina sehemu maalumu za kupiga matabaka kwa pamoja na za kuvuka kutoka kipande hadi kipande. Huhitaji kuwa programa. Jifunze kiasi cha kutengeneza chumba chenye mraba unaotembea, na muziki unaobadilika mraba ukigusa ukuta. Baadaye jifunze FMOD au Wwise, programu zinazotumika na makampuni makubwa kuunganisha sauti na gemu. Zote mbili zina leseni za bure kwa miradi midogo. Mtunzi anayeweza kuandika "matabaka yako tayari, nimeyapanga kwenye FMOD" anachukuliwa mbele ya mtunzi hodari zaidi asiyejua hayo.

Hatua ya 5: Rekodi ulichonacho hapa

Mtunzi wa Berlin ana maktaba za sauti za mamilioni. Hana ngoma za Waha, hana kwaya ya Gungu, hana injini ya boti ya Kibirizi ikikataa kuwaka alfajiri. Wewe unavyo.

Wageni wakikuomba "muziki wa Kiafrika", waulize wa wapi. Mara nyingi wanachofikiria ni djembe, ambayo ni ngoma ya Afrika Magharibi, na maktaba nyingi za sauti zimejaa hiyo. Ukiitumia kwa gemu inayosimulia Ziwa Tanganyika umewadanganya wachezaji, na umewanyima nafasi wapigaji waliopo mtaa wa pili. Waeleze kwa upole, watumie sampuli ya sekunde 20 ya ngoma halisi. Nina imani wengi watashukuru, kwa sababu wanatafuta sauti ambayo gemu nyingine haina.

Kurekodi ngoma kwa ajili ya gemu ni tofauti na kurekodi onyesho. Unarekodi pigo mojamoja. Mwombe mpigaji apige katikati ya ngozi kwa nguvu ndogo, mara nne au tano, akiacha kila pigo limalizike kabisa kabla ya linalofuata. Kisha nguvu ya wastani. Kisha kwa nguvu zote. Rudia yote pembezoni mwa ngozi, na kwenye ukingo wa mti. Kwa nini mara nne kila moja? Kwa sababu pigo moja likirudiwarudiwa bila tofauti sikio hulikamata mara moja kwamba ni mashine. Maiki iwe kama mkono mmoja kutoka kwenye ngoma, na vilele vya sauti visipite desibeli -12, ili pigo kali lisipasuke. Anza mapema, kabla ya bodaboda na kunguru. Chumba chenye godoro ukutani na mapazia mazito kinatosha. Simu nzuri iliyowekwa kurekodi kwa WAV inaweza kukupa kitu cha kutumika, japo maiki ya kurekodia nje ikipatikana ni bora.

Mlipe mpigaji. Mwambie kwa maneno yanayoeleweka kwamba sauti hii itaingia kwenye gemu itakayouzwa, huenda nje ya nchi, na muandikiane karatasi yenye kiasi alichopokea na ruhusa aliyotoa, kila mtu abaki na nakala. Mzee wa ngoma anastahili heshima hii sawa na msanii yeyote, na jina lake liandikwe kwenye orodha ya walioshiriki.

Hatua ya 6: Ingia kwenye mashindano ya kutengeneza gemu

Hapa ndipo kazi ya kwanza inapopatikana. Kuna mashindano ambayo watu hukutana mtandaoni na kutengeneza gemu nzima kwa saa 48 au 72. Ludum Dare imekuwepo tangu 2002, Global Game Jam tangu 2009 na hufanyika karibu na mwisho wa Januari. Kwenye tovuti ya itch.io kuna mashindano karibu kila wiki, makubwa kwa madogo. Timu nyingi zina programa na mchoraji, hazina mtu wa sauti. Nenda kwenye ukurasa wa kutafutia timu, weka kipande kimoja kizuri, sema una saa ngapi.

Kwa bando la kawaida inawezekana kabisa, kwa sababu unachopandisha ni mafaili machache ya OGG. Chagua timu ndogo. Omba picha ya kwanza ya gemu mapema na uanze na lupu moja. Saa zikiisha, gemu yenye lupu moja safi inashinda gemu yenye vipande sita vilivyokatikakatika.

Usitazame Ulaya na Marekani peke yake. Afrika kuna studio zinazofanya kazi: Kiro'o Games ya Kameruni ilitoa Aurion mwaka 2016, Leti Arts ina mizizi Ghana na Kenya, Maliyo Games iko Lagos. Na kuna vijana wa Dar es Salaam, Arusha na Nairobi wanaotengeneza magemu madogo ya simu peke yao. Hao ndio unaoweza kuwafikia leo kwa ujumbe. Uandike hivi:

"Habari za kazi, kaka. Nimecheza gemu yako ya bodaboda mpaka hatua ya tatu, naipenda jinsi kona zinavyobana. Hatua ya pili haina muziki, na kwenye ya tatu muziki unaanza upya kila mtu akianguka. Nimekutungia lupu ya sekunde 48 na sauti fupi ya kuanguka, nimeziambatisha. Ukizipenda tuzungumze. Usipozipenda hakuna deni."

Ujumbe huo unaonyesha kwamba ulicheza, ulisikiliza, na unajua shida yake iko wapi. Ule wa "mimi ni mtunzi, nikupe kazi zangu" anaupokea kila siku.

Hatua ya 7: Kazi za kuonyesha

Fupi. Vipande vinne au vitano, vyote vizuri, kila kimoja kikijitambulisha ndani ya sekunde kumi za mwanzo, maana msikilizaji wako ana vingine thelathini vya kusikia. Angalau kimoja kiwe video inayoonyesha muziki ukibadilika mchezaji anapobadilisha anachofanya. Ile ya mraba wa Godot inatosha. Yeyote anaweza kutuma wimbo mzuri. Video hiyo inaonyesha unaijua kazi.

Hatua ya 8: Bei na mkataba

Muziki wa gemu kwa kawaida hulipwa kwa dakika ya muziki uliokamilika. Ili upate bei yako, hesabu dakika moja inakuchukua saa ngapi pamoja na marekebisho, weka thamani ya saa yako, ongeza umeme, bando na malipo ya wapigaji. Tuseme umefikia shilingi 80,000 kwa dakika na gemu inahitaji dakika 12: hiyo ni shilingi 960,000. Omba theluthi hadi nusu kabla hujaanza. Kwa gemu za mashindano tunga bure kwa moyo wote, lakini gemu ikianza kuuzwa, kazi ya bure imekwisha.

Miaka ya mwanzo usiache shughuli inayokulisha. Kurekodi kwaya, kupiga harusini, matangazo ya redio, vyote vinajenga mkono uleule na vinalipa kodi ya nyumba.

Mkataba, hata wa ukurasa mmoja, useme mambo haya: dakika ngapi, lini, marekebisho mangapi yamo ndani ya bei, malipo yanakuja lini, na jina lako litaandikwaje. Kisha lile zito, haki. Unaweza kumuuzia mteja haki zote, au ukampa ruhusa ya kuutumia muziki ndani ya gemu hiyo huku wewe ukibaki mwenye mali. La kwanza ligharimu zaidi, tena zaidi sana. Kwa watengenezaji wadogo wasio na fedha nyingi mimi ningependelea la pili, na nibaki na haki ya kuutoa muziki huo kama albamu. Kwa sheria ya Tanzania, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, kazi yako inalindwa tangu ulipoitunga, kwa uhai wako wote na miaka 50 baada yake. Hata hivyo isajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kwa sababu siku ya ugomvi karatasi husaidia.

Mteja akiwa nje, uliza benki yako mapema namba ya SWIFT na makato ya kupokea fedha za kigeni, uyaingize kwenye bei. Chukua TIN. Na mteja asiyetaka kuandika chochote kwa sababu "tunaaminiana", mjibu kwa adabu kwamba ndiyo maana kuandika kutakuwa rahisi.

Hatua ya 9: Kukabidhi

Mafaili yako yajieleze. `ziwa_utulivu_lupu.ogg`, `ziwa_kayamba_lupu.ogg`, `ziwa_upepo_lupu.ogg`. Usitume `final2mpya.wav`. Weka WAV kwenye folda yake na OGG kwenye yake, pamoja na jedwali linalotaja kasi, ufunguo, urefu, na kila faili liingie lini. Vipande vyote viwe na kiwango kimoja cha sauti. Kipimo chake ni LUFS, kinachopima ukubwa wa sauti kama sikio linavyousikia. Mwongozo wa Sony kwa magemu ya mashine za nyumbani ni LUFS -24, na LUFS -18 kwa vifaa vya mkononi. Usiukandamize muziki mpaka upige kelele kama wimbo wa klabu, kwa sababu juu yake kutakuwa na hatua za miguu, milipuko na maongezi.

Kisha omba toleo la majaribio la gemu, uliweke kwenye simu ya bei nafuu, ulicheze kwa spika ya simu hiyohiyo bila hedifoni. Besi yako huenda isisikike kabisa hapo. Ipandishe nota zake oktava moja au iongezee sauti za juu. Simama mahali pamoja. Ingia hatarini, toka, ingia tena haraka kabla kipande hakijaisha. Kufa mara kadhaa mfululizo. Funga gemu katikati ya pambano, uifungue. Andika kila mahali muziki ulipokatika, ulipochelewa, au ulipoanza mara mbili, ukitaja dakika na kilichokuwa kinatokea, na umtumie programa orodha hiyo siku hiyohiyo, wakati bado ana sehemu hiyo kichwani.